Ngozi Iliyoachana na Mkono

Jumatano, Beni. Jua linachoma mabati ya hospitali, na mimi mtu wa baridi ya Butembo ninayeyuka kama siagi. Ninaandika kwa kidole gumba cha kushoto. Makosa ya herufi mnisamehe. Ya akili mmeshayazoea.

Mkono wa kuume umefungwa bande ya kitambaa kuanzia begani hadi kiganjani, umening'inizwa kwenye chuma kama nyama ya buchani. Ndio unaoshika mkasi. Ndio unaolisha nyumba yangu.

Wiki iliyopita lori tulilopanda kutoka Oicha lilikwama. Wakasema wanaume washuke, wasukume. Tumbo langu lingetosha kuniombea msamaha, lakini hata fundi nguo ana majivuno yake. Lori likarudi nyuma, nikateleza, tairi likapita juu ya mkono na kuuzamisha kwenye tope.

Tope hilo ndilo lililookoa mfupa. Picha ya eksirei ilionyesha hakuna hata ufa, na ngozi haikuchanika hata pa kupitisha uzi.

Hapo ndipo tulipojidanganya.

Nyumbani Butembo walimshukuru Mungu, kisha wakaanza kunikanda. Kwetu anayekuja kumwona mgonjwa haji mikono mitupu: asiyeleta ndizi analeta vidole. Jirani, binamu, mama wa kwaya, kila mmoja na zamu yake, maji ya moto na chumvi, mafuta ya mawese. Mwenye nguvu kuliko wote alikuwa mke wangu, Mama Masika. Nikilalamika, ananicheka: "Papa Masika, nyamaza! Hata mutoto hawezi kulia hivi!"

Halafu nikaacha kulalamika. Wote wakafurahi. Mimi pia.

Ila mkono ulizidi kuvimba, laini, ukichezacheza kama mfuko wa maji. Ndipo tukaja huku.

Docteur ni mtu wa Kasai. Kiswahili chake kinachechemea, lakini vidole vyake havichechemei. Alibonyeza chini ya bega, uvimbe ukainuka karibu na kiwiko. Akaisukuma ngozi, ikateleza peke yake, nyama ikabaki pale pale. Kisha akachukua sindano.

"Unasikia?"

"Umeshaanza, docteur?"

Hakucheka.

"Mufupa iko muzima, mais... lakini ngozi imeachana na nyama. Katikati damu na maji vimejaa. Nani alikanda hii mukono?"

Mama Masika akaangalia sakafu.

Nilielewa upesi mno. Mkono wangu ni koti ambalo bitana yake imeng'oka: ukilitazama nje, linapendeza. Lakini ngozi inapata damu kwa nyuzi zile zile zilizokatika, na kila aliyenikanda kwa upendo alizidi kufumua.

Mashine ya ekografia, ile ya kuchungulia ndani ya mwili, ilionyesha ziwa jeusi kati ya mafuta na msuli. Wakayavuta maji kwa sindano nene, mekundu kama chai isiyotiwa maziwa, wakafunga bande ya kubana. Yakarudi. Jana wakatoboa tundu dogo, wakaweka mrija wa mpira unaotiririsha maji hayo kwenye chupa kando yangu. Nafasi ile ikikauka na kubanwa vizuri, ngozi itashikana tena na nyama. Isiposhikana itakufa, itakuwa nyeusi, na watalazimika kuikata na kuweka kiraka kutoka pajani. Nilimwambia docteur kwamba paja langu lina kitambaa cha kutosha.

Hilo nalo halikumchekesha.

Leo mchana muuguzi alifungua bande. Karibu na kiwiko kuna doa lenye rangi ya avokado iliyoiva kupita kiasi. Jana lilikuwa dogo kama kifungo cha shati. Muuguzi huyu huongea bila kupumua, lakini leo alitazama tu, akaenda kutafuta bande safi.

Mama Masika alisogea. Tangu siku ile ya docteur alikuwa hajanigusa. Akaweka kiganja juu ya doa, polepole, kama mtu anayegusa mtoto aliyelala.

"Papa Masika, unasikia mukono yangu?"

"Ninasikia," nikamjibu. "Iko na baridi."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu tufike hapa.

Sikusikia kitu.

Kesho asubuhi docteur ataniuliza swali lile lile. Yeye huuliza kwa sindano, na Mama Masika atakuwa amesimama pale akitazama uso wangu.