Mabungo Yaliyolala

Garsen,
Jumapili, tarehe 12 Aprili

Kwa shoga yangu Damari,

Pokea salamu zangu hapo Golbanti, wewe na mama na kila aliye chini ya paa lenu. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa mwili, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu tangu alipoteleza akaanguka. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila joto halijatuachia. Mawingu yanajikusanya kila alasiri, tunakimbilia kuanua nguo, kisha yanakwenda zake kunyeshea wengine. Watoto wanakuulizia. Yule mdogo bado anakuita Mama Barafu.

Utashangaa kuletewa barua na mtu wa bodaboda, siku hizi ambapo hata mbuzi karibu watakuwa na simu. Zile simu zangu zinazoita mara moja zikanyamaza si za kuishiwa salio. Nilikuwa nikisikia inaita, nakata. Kwenye simu ungeniuliza neno moja tu, nami najijua, ningeruka kama panzi. Karatasi haiulizi, kwa hiyo nimekaa chini niandike mpaka mwisho.

Jumatatu iliyopita kaka yako Hiribae alikuja kwenye kibanda chetu cha juisi. Alileta maembe, akakaa kwenye kile kiti chako, akanisalimu vizuri, kisha akaniambia kwamba huu ni mwezi wa tatu humsemezi. Alisema ulimfungia mlango, na kwamba mama anamwita kila siku, naye humjulia hali kupitia kwa jirani kana kwamba ni mgeni wa kijiji. Akaniomba mimi, kwa sababu mimi ndiye rafiki yako, nikuombe umwambie kosa hilo alilifanya lini hasa. Niliyapokea maembe. Sikuweza kumtazama usoni.

Sasa nitakueleza arusi ya Kadra ilivyokuwa, maana hukuwako, na ulichopata ni maneno ya watu.

Unajua kwamba nimeolewa kwa Waorma mwaka wa tisa huu, na mpaka leo nikipita nasikia yule wa Kipini. Si kwa ubaya, ni jina tu, lakini jina nalo huchosha. Basi wifi yangu Kadra alipoposwa, mama mkwe, Bi Sabdio, alisema wageni wanywe maziwa na soda, inatosha. Mimi nikashupaza shingo. Nikasema kwa joto hili la kaskazi soda itakuwa chai kabla haijafika mdomoni, na kwamba mimi na Damari tuna miaka mitatu tukiuza juisi hapa stendi na hakuna asiyetujua. Roba mume wangu akaniunga mkono. Mama mkwe akasema haya, lakini isije ikatutia aibu. Alisema hivyo mbele ya watu, kwa hiyo nikayachukua kama mashindano.

Jumatano ukapata habari ya mama, ukaondoka mbio. Uliniachia yale madumu yako manne ya manjano, ukanikalisha pale kibandani ukanipa masharti. Uliniambia mabungo niyaloweke Ijumaa alasiri, niyakoroge kwa mwiko mpaka nyama iachane na mbegu, niyachuje, niyachemshe, niyapoze, na sukari isiingie mpaka asubuhi ya arusi. Ulisema mara mbili kwamba sukari na joto la Garsen havilali kitanda kimoja. Nikakucheka. Nikakuambia sisi watu wa Kipini tumezaliwa na mabungo mkononi, na kwetu hakuna mtu anayechemsha bungo, ukilichemsha unaliua harufu. Hayo ni kweli, Damari. Ambalo sikulisema ni kwamba mama yangu Kipini alikuwa akiyakoroga asubuhi, na adhuhuri jagi likawa limeshakauka. Hayajapata kulala kwetu hata siku moja.

Mimi nilikuwa na kazi ya pilau, kazi ya hina, kazi ya kupokea jamaa waliotoka mpaka Nanighi. Nikaona nimalize mapema. Alhamisi asubuhi niliyakoroga yote, nikayachuja bila kuyachemsha, nikatia sukari ya kutosha, nikajaza madumu manne mpaka shingoni, nikayafunga, nikayaweka ile stoo ya mabati. Yakakaa humo mpaka Jumamosi.

Jumamosi nilipofungua dumu la kwanza lilitoa pumzi kama mtu aliyezuiwa kusema. Nikaonja. Ulimi ukachomwa kidogo. Nikajiambia bungo ni kali kwa asili yake. Nikaongeza sukari, iliki na barafu, nikapeleka kwenye hema la wazee.

Wallahi waliisifu! Unawajua Waorma na maziwa yao yaliyolala ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Ukali kwao ndio utamu wenyewe. Walidhani nimejifunza desturi yao nikaipeleka kwenye matunda. Mmoja akasema sasa huyu ni wetu. Akaomba kikombe cha pili, wenzake cha tatu. Mzee Abduba, ami yake Roba, akaniuliza kama kinywaji kile kimelala. Aliuliza kwa wema, maana kwake kulala ni sifa. Nikamjibu hapana, ni cha leo. Sijui kwa nini nilisema uongo pale ambapo ukweli ungesifiwa. Nadhani nilikuwa tayari naogopa.

Baada ya muda mzee mmoja ambaye sijapata kuona meno yake alianza kucheka hotuba ya bwana harusi, na hotuba haikuwa na kichekesho chochote. Mzee Abduba akanusa kikombe chake. Huyu mzee ujanani aliendesha malori Mombasa, kabla hajashikana na msikiti. Aliweka kikombe chini, akaomba maji, akasukutua, akasema kinywaji hiki mimi nakijua. Hakuna aliyethubutu kumuuliza amekijulia wapi.

Sheikh akaamuru watu wasukutue na vilivyobaki vimwagwe, akasema asiyejua hana dhambi. Kadra alilia mpaka wanja ukamfika mashavuni. Mama mkwe hakupiga kelele. Aliuliza tu vyombo ni vya nani. Mtu mmoja akajibu ni vya yule Mpokomo wa juisi, na kaka yake ni mgema. Basi ikawa imekwisha. Kila mtu akatikisa kichwa, kwamba dumu lililobeba tembo haliachi tabia yake hata ukiliosha mara saba. Walininyoshea mkono wa pole, mimi, kama niliyeponzwa. Nikatazama chini, nikapokea pole.

Wiki moja baadaye ulikuja wewe, na kuku na kilo mbili za sukari, kumwomba radhi mama mkwe. Kiswahili cha Bi Sabdio ni cha kununulia chumvi, na Kiorma wewe hukijui, kwa hiyo nilikaa katikati nikawafasiria. Ulirudi kwenu siku ile ile, na jioni yake ndipo ulipogombana na Hiribae.

Sasa Damari, nimefika. Nimezunguka vya kutosha.

Madumu yako hayana kosa. Hayajapata kuona tembo. Najua kwa sababu Alhamisi ile mabungo yalizidi, madumu yakajaa, nami nikanunua ndoo mpya dukani, yenye mfuniko, bado na karatasi yake ya bei. Nikatia yaliyobaki. Wazee walipokuwa wakinusa madumu yako moja moja, nilikwenda stoo nikaifungua ile ndoo. Povu lilikuwa limefika juu na harufu ni ile ile. Ndoo ambayo haijaguswa na mtu ila mimi. Nikaibeba chini ya leso, nikaimwaga nyuma ya choo, nikaiosha kwa majivu, nikarudi hemani kupokea pole. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa, nikayatia maji tembo.

Lililo baya zaidi si hilo. Siku ulipokuja na kuku wako, ulisema, kama ni madumu yangu yaliyowaharibia, naomba mnisamehe. Mimi nikamwambia mama mkwe, anasema ni madumu yake, anaomba msamaha. Lile kama lako nililimeza. Yeye akauliza kwa Kiorma, je, kaka yake aliyatumia kugemea? Lilikuwa swali, Damari, swali la mtu asiyejua. Nami nikakugeukia nikakuambia, mama anasema kaka yako aliyatumia. Nikaona rangi ikikutoka. Ukadhani kuna mtu aliyemwona. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyesema. Nilisema mimi.

Nilitaka tu jambo lifungwe haraka, kila mtu aende kwake. Sikufikiri kwamba utalibeba mpaka Golbanti umpige nalo ndugu yako wa tumbo moja. Naomba usinihurumie hapa, sijaandika ili unihurumie.

Nimeweza kuandika kwa sababu ya alichosema Hiribae Jumatatu alipoinuka kuondoka. Aliniambia hakumbuki kuyagusa madumu yako hata kidogo, lakini kwa kuwa wewe hujawahi kumsingizia tangu utotoni, amefikia kuamini kwamba labda siku moja alilewa, akayachukua, akasahau. Ameacha kugema na kunywa kwa ajili hiyo. Mtu mzima anatafuta kichwani mwake kosa ambalo halimo. Alipotoweka machoni nilifunga kibanda nikalia.

Ijumaa nilimweleza mama mkwe yote, ndoo na maneno niliyoyameza. Hakunigombeza. Aliniuliza kama wewe umeshaambiwa. Nikasema bado. Akainuka akaniacha nimekaa peke yangu, na baadaye nikasikia amemtuma mtu kwa Mzee Abduba. Jana wazee waliitwa, nikasema mbele yao kwa mdomo wangu, bila mfasiri. Wamesema jina lako litasafishwa msikitini na sokoni, na kwamba mimi katika shughuli zao sitashika tena chombo cha kinywaji. Ni haki. Roba ananipitia kama mlango kwa siku ya tatu sasa. Kuku wako mama mkwe atamrudisha, ameshataga mayai kumi na moja, nayo yatakuja pamoja naye.

Ukitaka kunitukana njoo unitukane, nitakaa nisikie. Ukitaka kugawa vyombo tugawe, chukua vyote. Ukiamua kwamba sisi si marafiki tena, nitaliita neno hilo haki yako, ingawa litaniuma. Nakupenda, Damari. Ningelisema hili mwanzoni lakini ningekuwa nakununua nalo.

Nisalimie mama, umshike mguu kwa niaba yangu. Wasalimie majirani wote wa hapo mtoni, na watoto wa dada yako. Watoto wangu wanakusalimu, na mama mkwe vilevile, tena amesisitiza niandike kwamba salamu zake ni za kweli na hazikupitia mdomoni mwangu.

Aliyeleta barua hii nimemwambia asingoje jibu. Mimi usinijibu leo. Mwambie ageuze pikipiki, akupeleke shambani kwa Hiribae, maana yeye ameuliza swali lake miezi miwili na hajajibiwa.

Ni mimi niliyekukosea,
Ruwaida