Laini ya Mtoto na Leso Iliyorowa

Mama yangu mpenzi,

Huo mstari uliokatiza karatasi usidhani ni wangu. Ni wa somo yako, huyu mjukuu mwenye jina lako. Sasa hivi tu, nilikuwa ndiyo kwanza nimeandika "Mama", akaninyang'anya biro, akaivuta kutoka huku hadi kule, kisha akaitia kinywani. Nimemfuta wino kwa pembe ya leso naye anacheka na meno yake mawili kama aliyefanya jambo la maana. Karatasi nyingine sina, basi ipokeeni hivyo hivyo.

Shikamoo Mama. Vipi mgongo? Na kile kidole kilichochomwa na mwiba ulipokuwa ukifunga mwani, kimepona au bado unakificha? Zuhura mdogo wangu, wewe unayemsomea, mtazame kidole kwanza ndipo uendelee, na usiruke mahali.

Sisi huku Ukunda tu wazima, alhamdulillahi. Watu huniambia, kwani Kibuyuni na Ukunda ni mbali gani? Lakini mtu mwenye siku moja ya kupumzika kwa wiki, nayo ni ya kufua na kwenda kliniki, kwake hata Shimoni ni Ulaya.

Ningekupigia, lakini tangu simu yako ianguke majini pale kwenye mwani haiiti. Nilikwenda dukani kukuulizia. Kijana akabonyezabonyeza akasema, "Laini ya mama imefungwa." Nikamwambia, "Iliyoanguka ni simu." Akaniangalia kama mtu aliyechoka nami tangu asubuhi. "Simu ni simu, laini ni laini. Aje mwenyewe na kitambulisho."

Mama, hili neno laini litanitoa roho. Mimi kwetu nilitoka na laini moja tu, ile ya ngozi ya mtoto na ya mahamri yaliyoumuka vizuri. Hata kamba zako za mwani zilikuwa kamba, mpaka alipokuja yule bwana wa mafunzo akaanza kuzihesabu laini moja, laini mbili. Hii ya kizungu huku imejaa kila mahali na kila mwenye kiti ana yake. Nikifika getini hotelini, mlinzi ananipigia kelele, "Laini, mama! Panga laini!" Nikiingia kufua, msimamizi wetu, dada mmoja wa bara, anapiga makofi, "Saumu, leo uko laini ya mashuka," yaani zile mashine zilizopangwa mfululizo, shuka inaingia huku inatokea kule. Nikitoka kuanika, kamba nayo ni laini. Nikirudi nyumbani hakuna stima, mwenye nyumba anasema laini imeanguka. Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza msimamizi, "Dada, hivi hawa Waingereza walikosa maneno?"

Akasema, "Kawaulize. Si hao wamejaa bichi wanajianika?"

Nilicheka, lakini sikucheka siku nyingi, kwa sababu ya laini ya kliniki. Hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Unakumbuka kile kitabu cha mtoto, kina ukurasa wenye mistari inayopanda kama mlima. Kila akipimwa, nesi anatia nukta, kisha anaunganisha nukta kwa nukta, na hiyo ndiyo laini ya mtoto. Ikipanda ni kheri. Wiki iliyopita nikampeleka. Nesi akampima, akatia nukta, akanigeuzia kitabu.

"Mama Mwanajuma, mtoto ameshuka."

"Ameshuka vipi?"

"Angalia laini. Mara ya mwisho alikuwa kilo nane na kidogo. Leo ni saba na nusu. Unampa nini huyu?"

Akasema hivyo mbele ya watu, Mama. Benchi zima likageuka kunitazama. Nikasema namnyonyesha kabla ya kazi na nikirudi, na mchana jirani yangu Mama Pendo anampa uji wa wimbi na ndizi. Nesi akaandika, akasema nirudi baada ya siku saba.

Nilikosea kumweleza Bi Mwanamisi, maana yeye akitoka hapa na matita yake ya nguo za kuuza, habari inafika Kibuyuni kabla yake. Akarudi na salamu zako: "Mwambie Saumu, kwangu mtoto alikuwa mzito. Shangazi yake atakuja Jumamosi kumchukua."

Sikukasirika, Mama. Najua desturi yetu, mtoto wa kwanza wa kike na bibi yake, na huyu ana jina lako hasa. Wewe mwenyewe ulilelewa na bibi yako. Tena baba wa mtoto yuko Malindi kwenye mjengo, huja mwisho wa mwezi, na mimi kutwa niko na mashuka ya watu. Nikajiambia labda kweli sijui kulea. Nilichukua kikapu nikakunja nguo zake zote, na ile kofia uliyomfuma. Nilikuwa nikikunja naye anazitoa, nakunja anazitoa, anaona ni mchezo. Nikaenda kusimama nje kidogo.

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa nafua leso zangu mbili hapa uani. Nikazinyanyua kutoka kwenye beseni kabla sijazikamua, mkono ukanivuta chini. Nikasimama palepale, maji yananimwagikia miguuni. Nikakumbuka siku ile ya kliniki huko kwetu, baada ya Idi.

Wale manesi walikuja na gari, wakatundika mizani kwenye boriti ya darasa, na ule mfuko wa kumwekea mtoto ulikuwa umekatika, kila mama akaambiwa atumie leso yake. Yangu somo yako alikuwa ameichafua. Wewe ukaja mbio kutoka pwani, maji yamekupwa na kazi umeiacha nusu, ukavua leso ulizojifunga juu ya nguo, zote mbili, zimerowa maji ya bahari, ukamfunga mtoto ukamning'iniza. Maji yalitiririka mpaka nesi akarukisha viatu vyake. Akatoa robo kilo ya leso kama alivyowatolea wenziwe wote, wenye leso kavu. Akaandika nane na kidogo. Nawe ukatembea kijiji kizima, "Somo yangu ana kilo nane! Tena bado hajala wali!"

Mama, zile kilo zilikuwa na bahari ndani.

Jana ndiyo ilikuwa siku yangu ya kurudi. Nikatia leso mbili kwenye ndoo ya maji, mtoto mgongoni, nikaenda. Mlinzi wa kliniki akanizuia, "Mama, hapa si mahali pa kufulia. Na upange laini." Nikapanga na ndoo yangu. Wanawake wakacheka, mmoja akauliza kama nimemletea nesi samaki. Nilipofika mbele nikasema, "Dada, kabla hujampima mtoto, nakuomba unipimie leso."

Alidhani nina wazimu. Nikamweleza, nimeeleza vibaya, naanza mwisho narudi mwanzo, lakini alisikia. Akazitundika zikidondoka vile vile. Kilo moja na robo, na huko kwetu ilitolewa robo tu! Akazitazama, akanitazama, akaanza kucheka mpaka akakaa. Akasema, "Kwa hivyo walimpima mtoto na bibi yake." Kisha akampima somo yako mtupu kabisa. Kilo saba na nusu na kidogo juu yake. Akaikata kwa kalamu ile nukta ya huko kwetu, akatia mpya chini yake, kwenye saba na kitu. Laini ikapanda, Mama. Si sana. Imepanda polepole kama mtoto anayepanda ngazi kwa makalio, lakini haikushuka hata siku moja. Amesema uji niutie njugu zilizosagwa, na niendelee vivyo hivyo.

Usione haya wala usikasirike. Ungeacha kuja mbio siku ile, asingepimwa kabisa. Nami sikatai desturi. Akiacha kunyonya nitamleta mwenyewe, atakufuata mpaka kwenye kamba zako. Lakini sasa hivi nikirudi kutoka kazini hunijua kwa mlio wa ndala, hupiga mikono kabla sijafika mlangoni, na hulala ameshika sikio langu. Msimamizi amesema huenda wakaniandika niwe wa kudumu. Nikiandikwa, nitapata zamu ya asubuhi peke yake, na jioni yote itakuwa yetu.

Nisalimie babu anayesuka madema ya samaki, mwambie asikae juani. Wasalimie wenzako wote wa kikundi cha mwani, na uwaambie zile kilo nane mwenyewe, mimi naogopa. Msalimie Shangazi, asione namkimbia. Na Zuhura, ahsante kwa kusoma.

Ni mimi mwanao Saumu, mama wa somo yako.

Bi Mwanamisi ameshafunga matita yake, ananiita hapo nje, "Saumu wee! Barua au ni kitabu unaandika? Gari halinisubiri!" Basi neno moja tu, Mama, nalo ndilo nililokuwa nikilizunguka tangu mwanzo. Jumamosi Shangazi aje kututembelea, nitampikia, ila asibebe kikapu. Nguo za mtoto nimezirudisha msumarini. Nakushika miguu, mwache akae na mimi mpaka aache kunyonya.