Jaribio la Kumi na Saba: Kwa Baba Yetu, Nawata Yoshikiyo

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya theluji Mama alipokuita chai mara tatu nawe hukuitika. Alikukuta mezani mbele ya Hibari, kompyuta yako ya zamani, koti la kazini umelivaa mkono mmoja. Mashine ilikuwa bado inawaka. Mama anasema hakuizima mpaka jioni, kwa sababu hakujua inazimwaje bila kuiharibu, na mtu wa kumwuliza ulikuwa wewe.

Tunakukumbuka kwa mambo madogo. Ulikuwa unakunja kitambaa cha kufutia miwani mara nne, wala si tatu. Ulikula supu ya maharage kwanza na wali baadaye, ukasema tumbo nalo lina mpangilio wake. Kwa miaka thelathini na miwili ulikagua mizani za maduka yote ya Takada, na hukupokea hata tango la bure. Muuza samaki wa karibu na stesheni alituambia siku ya mazishi, "Bwana Nawata akiingia, hata kidole changu kilikuwa kinajiondoa chenyewe kwenye mizani." Alicheka, kisha akaenda kukufukizia ubani.

Mimi ulinifundisha neno moja la kazi yako: "Mizani usiiulize kama ni nzima, mwanangu. Iwekee jiwe la kupimia."

Jumapili zako zilikuwa za Hibari. Kompyuta iliyotengenezwa kabla sijazaliwa, kiwanda chake kimefungwa zamani, na bado watu mia mbili na kidogo nchini hawakukubali ife. Kila mmoja aliandika kipande chake cha programu, mmoja cha kalenda, mwingine cha muziki, mwingine cha herufi, wakakutumia wewe. Wewe ulivikusanya, ukavishona pamoja, ukatoa toleo jipya. Mama alikuwa akipita na kapu la nguo anasema, "Mke mwenzangu leo ameamkaje?" Nawe unajibu bila kugeuka, "Amekohoa kidogo, Mama Chiharu, lakini amekula."

Sheria yako, wanachama wote wa chama chetu cha Hibari mnaosoma jarida hili mnaijua. Toleo halitoki mpaka watu wawili wawe wamelijaribu kwenye mashine mbili za kweli. Majaribio arobaini na moja, kila moja litiwe alama ya penseli nyekundu. Nilipofika miaka tisa ulinipa penseli yangu. Kuanzia toleo la kumi na mbili, chini kabisa ya maelezo, pameandikwa: *Mjaribu wa pili, Nawata Chiharu.* Nilipokwenda chuo Kanazawa, Hibari ya pili nilikwenda nayo. Kila toleo likikaribia ilifika pakiti: diski, orodha, na biskuti za mchele ulizozifunga kwa gazeti zisivunjike.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo, Baba. Nimeomba ukurasa huu kwa ajili hiyo. Kwa mdomo nisingeweza, unanijua.

Pakiti ya toleo la thelathini na moja ilifika Oktoba. Nilikuwa nimeanza kazi. Wiki hiyo wenzangu wa ofisini walikuja chumbani kwangu, mmoja akaiona Hibari mezani. "Chiharu, hii umeiazima makumbusho?" Wakacheka, nami nikacheka nao. Nikaitupia shuka juu. Siku ya kujaribu walinialika tukale, nikaona haya kusema nina diski zinaningoja. Nikatia alama zote arobaini na moja nikiwa ndani ya treni, orodha juu ya goti. Hazikuchukua hata vituo viwili.

Ukanipigia simu.

"Jaribio la kumi na saba umelifanya? Tundu langu la pili la diski limekufa, unajua. Hilo nakutegemea wewe tu."

"Nimelifanya, Baba."

"Umeijaza diski ya pili mpaka ukingoni, ukaongeza faili moja?"

"Ndiyo."

"Ukarudi kulifungua la kwanza? Limefunguka?"

"Limefunguka, Baba."

"Haya. Ahsante, mwanangu. Umekula?"

Toleo likatoka. Baada ya wiki mbili diski za watu zikaanza kufutika, kwa sababu mtu akiongeza faili kwenye diski iliyokaribia kujaa, la kwanza lilikuwa linaliwa. Bwana Isaki wa Sendai alipoteza nyimbo alizozitunga kwa Hibari miaka kumi na minane. Na yale mliyoyaandika kwenye ukurasa wa chama ninayakumbuka kwa moyo. "Mzee kachoka, ampishe mwenye macho." "Mizani za watu anakagua, yake imemshinda." Huyo wa mizani alipigiwa makofi na wanachama thelathini na tisa. Niliwahesabu.

Wewe ulijibu mara moja tu, mistari miwili: "Toleo la 31 halikujaribiwa na mtu wa pili. Kosa ni la mkusanyaji." Ukaingia kwenye maelezo ukafuta jina langu.

Nilipoona jina halipo nikaelewa kwamba umejua. Yeyote ambaye angelifanya jaribio lile angeliona kosa hapo hapo, na wa kulifanya nilikuwa mimi peke yangu. Nilingoja unigombeze. Nilitamani unigombeze. Ulipiga simu Jumapili ukaniuliza kama Kanazawa theluji imeanza.

Miezi mitatu iliyofuata ulikuwa ukirekebisha kosa langu kila asubuhi kabla ya kazi. Mama alikusikia ukihema kwenye ngazi. "Baba Chiharu, manispaa wamekuita upimwe moyo mara tatu. Wewe unayepima vya watu, chako unakiogopa?" Ukamjibu, "Nikimaliza la kumi na saba nitakwenda." Barua hizo tatu tumezikuta. Nyuma ya zote umeandika hesabu za Hibari kwa penseli. Nyuma ya ile ya mwisho: "Isome diski kwanza, ndipo uandike." Upande wa mbele, tarehe ya kupimwa ilikuwa imepita siku kumi na moja ulipofariki.

Mama ananiambia moyo ni moyo, hauulizi sababu. Shangazi Setsuyo pia anasema hivyo. Wananipenda.

Siku ya kukesha nawe kabla ya mazishi, wanachama kumi na sita walikuja na suti nyeusi, wakainama, wakafukiza ubani. Waliosema mzee kachoka walisema mzee hakuwa na mfano. Ubani wao haujafika nusu, Bwana Isaki akanisogelea.

"Pole sana, binti. Samahani kuuliza wakati kama huu. Zile diski za chanzo, za programu nzima, ziko wapi? Bila hizo sisi tumekwisha."

Mama ndiye aliyejibu. "Kunywa chai kwanza, Bwana Isaki. Nimeionja mwenyewe, na binti yangu ameionja. Watu wawili."

Diski sikuzitoa. Mmeandika barua saba mwaka huu, za upole, na zote nimezisoma. Nilitaka Hibari ife. Nilisema moyoni, kama yeye hayupo, nayo isiwepo, na wale thelathini na tisa wakapige makofi mbele ya kioo cheusi. Ilikuwa rahisi kuwachukia. Nikiwachukia nyinyi nilipata nafasi ya kupumzika kuichukia nafsi yangu.

Lakini kulikuwa na pakiti nyingine, Baba, ile ya Januari. Uliniuliza kwenye simu, "Imefika?" Nikasema imefika. "Biskuti hazikuvunjika?" Nikasema hazikuvunjika. Ukasema vizuri. Diski hukuitaja. Biskuti nilizila. Bahasha iliyokuwa chini yake sikuifungua. Niliona haya kushika chochote chenye mwandiko wako. Baada ya siku tisa ukafariki.

Wiki iliyopita, tukijiandaa kwa ibada hii ya mwaka, niliifungua. Ndani yake mlikuwa na diski moja, na orodha ya majaribio arobaini na moja. Upande wako umetia alama arobaini, safi, kwa rula; la kumi na saba umeliacha wazi. Upande wa mjaribu wa pili umeandika jina langu.

Nikaondoa shuka. Nilianza la kwanza mchana wa Jumamosi, nikafuata moja moja kama nilivyokuwa na miaka tisa. Nilipofika la kumi na saba niliijaza diski mpaka ukingoni. Nikaongeza faili. Nikarudi.

Limefunguka, Baba. La kwanza limefunguka. Nimelirudia mara sita.

Toleo lilikuwa tayari tangu Januari. Lilikuwa linangoja mtu mmoja na dakika ishirini, ili uwaambie watu limerekebishwa, uvae koti mikono yote miwili, uende ukapimwe.

Wanachama, toleo la thelathini na mbili na diski zote za chanzo mtazipata kwa posta wiki hii. Bwana Isaki, nyimbo zako nilizifuta mimi. Na aliyeandika habari ya mizani ajue kwamba mizani ya baba yangu ilikuwa sawa, jiwe ndilo lilikuwa la uongo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Fumie, ambaye bado anakuwekea supu mbele ya wali. Dada yako Setsuyo. Na mimi mwanao Chiharu, mjaribu wako wa pili.

Siku zote tutakukumbuka, Baba, na ile simu yako ya jaribio la kumi na saba nitaendelea kuijibu.