Wajukuu Watatu wa Kitanda cha Dirishani

Mpendwa Mama,

Kesho baada ya ibada nitasimama mbele ya kanisa zima hapa mtaani Malakia kuwashukuru wasichana watatu. Gauni nimelipiga pasi mara mbili. Mchungaji anawapa vyeti kwa kuwahudumia wagonjwa hospitalini, na mimi ameniomba nitoe ushuhuda, kwa sababu mmoja wa wagonjwa hao ulikuwa wewe.

Unakumbuka ulichoniambia kwa simu, kwa Kiswahili chako cha kuokoteza, nikiwa Nairobi? "Mimi iko sawa. Ni malaria tu, maliza kwanza kazi yako." Nilijua unanidanganya, Mama. Lakini mafunzo ya hoteli yalikuwa yamebaki wiki moja, nikachagua kukuamini. Na wodi zetu unazijua, anayekufulia na kukupikia ni mtu wako wa nyumbani. Mtu wako nilikuwa mimi peke yangu, na sikuwapo.

Roda, mkubwa wao, ana miaka kumi na sita. Alinisimulia baada ya mazishi, akiangalia chini muda wote. Walikuwa wamekwenda kumwona mama wa mwenzao, wakakukuta kitanda cha dirishani na shuka ya siku tatu. Kesho yake wakarudi na beseni na sabuni. Askari wa mlangoni huruhusu jamaa tu, basi wakamwambia wewe ni habuba yao, bibi yao. Sista mkuu wa wodi naye wakamwambia hivyo hivyo, nyanya yetu huyu. Wakakufulia, wakakusongea asida, ugali laini, wakakupaka miguu mafuta ya simsim. Siku za mwisho ulikuwa ukimwita Roda kwa jina langu.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Niliitika tu, anti."

Nililia siku ile, na hata sasa karatasi hii imelowa.

Hofu yangu ni hii. Sista mkuu anasali kwetu na hukaa kiti cha mbele. Nikieleza kwamba wale si damu yako, atajua alidanganywa, na yule mama kwa sheria za wodi yake hana mchezo. Jana Roda alinifuata hadi kazini kwangu, mtaa wa Amarat, akanisubiri getini na sare yake ya shule.

"Anti, tafadhali usiseme. Kuna mzee kitanda cha mwisho, hana mtu. Tukizuiwa mlangoni, nani atamwosha?"

Nikamwambia nitafikiria. Aibu gani hiyo, mtu mzima kumjibu mtoto hivyo! Ukweli ni kwamba hofu yangu si kwa ajili ya mzee huyo tu. Nahofia watu watakavyogeuka kuniangalia, wakijiuliza binti mwenyewe alikuwa wapi.

Nilikuwa nimeamua kujifanya mgonjwa. Nilishachagua hata ugonjwa, tumbo. Ndipo nikaikumbuka ile kliniki ya Eldoret tulipoishi zamani, karibu na soko, ulipopanga foleni na mimi pamoja na watoto wawili wa jirani aliyekuwa kazini. Hatukufanana hata ukucha. Nesi akauliza kama sote ni wako, nawe bila kupepesa ukajibu, "Wote yangu." Mimi nikakuvuta gauni, nikakunong'oneza kwamba huo ni uongo. Tulipotoka nje ulinikemea: "Nani amewaleta? Nani atawapa dawa? Basi ni yangu."

Nilikuwa na miaka tisa na nilikukasirikia kwa sababu ulijigawa kwa watoto wa watu. Nimechelewa sana kukuelewa, Mama.

Kwa hiyo tumbo limepona. Kesho nitasema kwa mdomo wangu kwamba uliumwa nami sikuwapo, na wasichana hawa walikuwapo. Sijui sista atafanya nini. Lakini akisimama kuniuliza mbele ya watu kama kweli hawa watatu ni wa nyumbani kwetu, nitamtazama usoni na kumjibu kwa Kiswahili chako, kile nilichokuwa nakionea haya mbele ya rafiki zangu: wote yangu.

Lala salama, Mama. Ukiweza, nishike mkono kidogo pale mbele.

Ni mimi binti yako, uliyemwita akaitika mwingine.