Ijumaa Watapiga Kelele "Ruka!"

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, si mwongeaji, na mahali pekee ninapofungua kinywa ni klabu yetu ya filamu, inayokutana kwenye maabara ya fizikia baada ya masomo, na utaratibu wetu ni kwamba aliyechagua filamu anasimama mbele na rimoti, na wengi wakipaza sauti "Ruka!" lazima asogeze mbele hata kama roho inamuuma. Wiki iliyopita mwenyekiti, tunamwita Roketi, rafiki yangu tangu chekechea, alionyesha filamu ya vita vya sayari, na mimi, sijui nini kilinipanda kichwani, nikasema mbele ya wote kwamba zile ni fataki tu, hamna fikra. Roketi akanitazama. "Haya, Profesa, Ijumaa tuletee hiyo yenye fikra. Tutairuka mpaka tufike kwenye majina ya waigizaji!" Wakacheka, nami kwa hasira nikaapa kwamba wakiiruka najitoa kwenye klabu.

Filamu yangu inahusu mashine inayomtunza bibi mgonjwa. Bibi anafariki, na asubuhi yake mashine inakunja nguo zake, moja baada ya nyingine, bila muziki, bila neno, kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyeiamuru. Filamu yote iko hapo, mshauri, na ndipo hasa watakaporuka. Nilipoitazama nyumbani, mdogo wangu, ambaye huongea mwanzo mpaka mwisho, alinyamaza, kisha akauliza, "Kwani haijui kama amekufa, au inajua?" Tulibishana mpaka mama akatufokea. Kwangu mimi, filamu ya kisayansi yenye fikra ndiyo hiyo: inabuni kitu kimoja kisichokuwepo, halafu inakuacha ukijiuliza kuhusu watu waliopo. Lakini nikijaribu kulisema hilo mbele ya kioo ulimi unakuwa mzito. Nimeandaa hotuba kuhusu akili ya mashine, nimefikiria kujifanya mgonjwa, nimefikiria hata kutoa betri za rimoti. Nifanye nini?

Profesa

*

Profesa mwanangu, kwanza hizo betri usiziguse.

Pole. Kusimama mbele ya watu na kitu unachokipenda kunatisha, wala si wewe peke yako. Ila sehemu ya hili umejitakia. Umemwambia rafiki yako kwamba anachokipenda ni fataki, bila kumuuliza anapenda nini ndani yake. Huenda katika vita vile kuna dakika moja inayomkosesha usingizi. Mfuate kesho, muombe radhi, muulize, na akijibu usimsahihishe. Na kile kiapo kifute, hakuna aliyekudai.

Hotuba itupe. Mdogo wako alihitaji hotuba? Ijumaa zima taa kwanza, kisha sema, "Mdogo wangu ameniuliza swali nimeshindwa kulijibu, nisaidieni." Wape lile swali, uwashe filamu. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke.

Wakisema "Ruka!", ruka. Usinune, usihutubie. Filamu yenye fikra haimshiki mtu shati ili afikiri, nawe usimshike. Ila usiondoke, na rimoti ibaki mkononi mwako. Majina ya waigizaji yakishapita, wakiwa wanasogeza viti, subiri hapo mbele. Akitokea mmoja akauliza, kwa sauti ndogo kama yako, zile nguo alizoziona zikipita mbio zilikuwa zinakunjwa kwa ajili ya nani, huyo usimjibu. Mrudishie filamu nyuma.