Mama Alikuja Alhamisi

Monasteri, Brugge
3 Februari 1963

Mama mpenzi,

Hujambo huko nyumbani? Mguu unaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, ila vidole vimepasuka kwa maji ya kufulia. Sista Amelberga, bawabu wetu, kanipa mafuta ya nguruwe nipake, sasa nanukia kama jiko.

Mama, nina habari. Baada ya Pasaka masista watapiga kura kama nipokelewe kwa nadhiri za daima. Kila mmoja anatumbukiza harage sandukuni: jeupe ni ndiyo, jeusi ni hapana. Naogopa. Gari letu la tumbaku ya magendo lilipotumbukia mferejini, nikatoka mimi, mdogo wangu Wannes asitoke, niliona nami nimekwisha. Gerezani sikulia hata mara moja; nilikuwa kama gogo. Ni humu ndani, kidogo kidogo, nilipojifunza kuamka bila kutamani kufa.

Wakinikubali, njoo siku hiyo. Sina mwingine.

Binti yako,
Reinhilde (humu wananiita Sista Walburga)


Watou, 12 Februari 1963

Mwanangu Reinhilde,

Salamu zako zimefika, nami nazirudisha kwa mikono miwili. Mguu ni uleule, unajua mvua kuliko redio. Jirani yetu Zulma anakusalimu. Anasema, “Yule msichana aliyekuwa akisinzia kanisani, leo kahamia hukohuko!” Tulicheka hadi kahawa ikapoa.

Hizo nadhiri zimenifurahisha. Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Nakuombea kila asubuhi kabla sijakamua ng'ombe. Nitakuja, hata kwa kutambaa. Una baraka zangu zote.

Mama yako,
Godelieve


Monasteri, 25 Machi 1963

Mama,

Natumaini u mzima. Sista Amelberga aliniona bustanini Ijumaa akaniuliza, “Mama yako alisafiri salama?” Nikamwambia mama yangu yuko Watou. Akasema, “Jana alikuwa hapa, mtoto. Ana kofia ya bluu, anachechemea.”

Kwa hiyo ulikuja. Ulipanda treni na mguu wako huo, ukakaa na Mama Mkuu penye dirisha la nondo, kisha ukaondoka. Mimi nilikuwa nafua, ukuta wa pili tu. Hukuniulizia.

Mama Mkuu aliniita baadaye. Kanieleza ulivyosema: kwamba nilikuwa mlevi na mfanya magendo, kwamba nilimuua Wannes, kwamba wakinivika pete ya nadhiri watakuwa wamemvika muuaji. Nilipiga magoti, nikajua nafukuzwa. Akasema, “Simama. Hayo yote uliniambia mwenyewe siku ya kwanza ulipobisha hodi hapa. Mama yako ameniongezea moja tu usilolisema: kwamba hajakusamehe.”

Nikamjibu, “Mama Mkuu, sikulisema kwa kuwa sikulijua.”

Kwa nini, Mama? Kama ungenitukana usoni ningeinamisha kichwa, maana nastahili. Lakini uliniandikia baraka, ukaja kunichimbia kaburi kwa mlango wa nyuma. Nimeisoma tena barua yako, pale penye ng'ombe na maombi, nikaona haya kama mtu aliyekumbatia nguo tupu akidhani kuna mtu ndani.

Reinhilde


Watou, 2 Mei 1963

Reinhilde,

Sikuulizi hali. Ulitaka nikuseme usoni, haya, sikia.

Ndiyo, nilikuja. Wewe ndiwe wa kunifundisha habari za kusalitiana? Ulisimama mlangoni pangu ukaniambia, “Mama, nampeleka Wannes dansini.” Nikampigia pasi shati. Mimi mwenyewe nilimfunga tai, naye akilalamika kwamba nambana shingo. Dansini! Kumbe unampeleka mpakani na mzigo wa tumbaku, pombe kichwani, maaskari wa forodha nyuma yenu. Walimrudisha na tai ileile.

Sasa kila Jumapili watu wananishika mkono: “Godelieve, una bahati, una binti mtakatifu.” Hata padri. Wannes hatajwi tena na mtu. Wewe ulitubu ukapewa jina jipya, masista wa kukupaka mafuta vidoleni, na Mungu wa kukukumbatia. Mimi sikufanya kosa lolote, nikapewa nini? Nyumba yenye viti vinne na mtu mmoja.

Nilijaribu kukusamehe. Kila nilipokuandikia maneno mazuri nilidhani moyo utayafuata. Haukuyafuata. Uliponiambia nije nikutazame ukivishwa pete kama bibi harusi, nikasema hapana, hata Mungu hawezi kuninyang'anya hivi mara mbili.

Usiniandikie.

Godelieve


Monasteri, 16 Juni 1963

Mama,

Umenikataza, nami navunja amri mara hii moja. Kura imepigwa, nimekubaliwa. Lilikuwapo harage jeusi moja, na sitajua ni la nani. Siku ni tarehe 11 Julai, saa nne asubuhi.

Uliyoyasema kuhusu shati na tai sikuwa nayajua. Nilikuwa nimekwisha toka kuwasha gari. Sikuombi uje.

Binti yako, ukikubali neno hilo


Monasteri, 14 Julai 1963

Mama,

Nauliza jambo moja tu. Siku ile nililala kifudifudi sakafuni, wakanifunika kitambaa cheusi cha maiti kama ilivyo desturi ya anayeifia dunia, kengele ya msiba ikagonga, litania ikaanza kuimbwa. Katikati ya wimbo nikasikia mtu akipiga ukelele nyuma kanisani. Masista hawataki kuniambia ni nani.

Ulikuwa ni wewe?

Reinhilde


Watou, 29 Septemba 1963

Reinhilde,

Nimechelewa kukujibu. Kulikuwa na mavuno ya hopsi za kutengenezea bia, na mikono haikupata nafasi. Kusema kweli, hata ingepata nisingejua niandike nini.

Ni mimi. Nilikaa na Zulma benchi la mwisho karibu na mlango. Sitakudanganya tena: sikuja kwa wema. Nilikuja nikuone ukitabasamu, nipate kukuchukia vizuri, nirudi nyumbani. Hawakuniambia habari za kitambaa. Nikaona wanakulaza chini, wanakufunika, kengele inagonga vilevile ilivyogonga kwa Wannes, na watu wazima wamesimama wanaimba tu. Sikujua nimesimama. Zulma anasema sauti yangu ilifika altareni: “Mfunueni! Huyo mzima! Huyo wangu mzima!” Mwanamume mmoja akanishika bega, akaniambia, “Mama, ni ibada tu.” Nikamsukuma, nikatoka. Nililia kituoni hadi treni ikaniacha.

Sijakusamehe, Reinhilde. Nimejipekua, sijaona. Lakini nilichopigia kelele pale ni kweli, na nimekisema mbele ya watu, sikirudishi.

Nitakuja Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwambie bawabu wako asinipeleke kwa Mama Mkuu.

Mama yako