Mama, Nimewauliza Swali Lako

Mama,

Habari ya huko? Nauliza kwa kutaka kujua kweli, si salamu tu. Watu wa kanisani wanasema umepumzika, na mimi nashindwa kukuona umepumzika. Nakuona unamsumbua mtu: hapa mnaamka saa ngapi, maji mnachota wapi, nani anapika. Ulinizaa na ugonjwa huohuo wa maswali, basi nivumilie.

Kibanda chako cha chakula pale Malaba mpakani kipo. Adikini, yule uliyekuwa ukipika naye, ndiye anayepika sasa, na katogo yake ya ndizi na matumbo wanaisifu, ingawa yule dereva mnene wa Mombasa aliyekuwa akikuita mama mkwe aliniambia pilipili imepungua. Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya kibanda nikalia. Kule nyumbani Merikit mvua imenyesha vizuri. Mihogo uliyoipanda tumeanza kuichimba, na ule wa kwanza nilishindwa kuula.

Sasa neno lenyewe. Nimekubaliwa na vyuo viwili, vyote ng'ambo, kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi. Kimoja kiko Uingereza, chuo kikubwa, jina lake hata vijana wa bodaboda wanalijua. Cha pili kiko Uholanzi, katika mji wa bandari, na usimamizi wanaoufundisha ni wa mizigo: meli, malori, mipaka, kwa nini gari linasimama na lifanyweje lisisimame. Huku kwetu hakuna anayekijua. Walitaka jibu kabla ya Ijumaa. Kaka Okoth, kwa vile sasa anajiona ndiye baba na ndiye mama, alikuwa ameshaamua ni Uingereza. "Athieno, watu watauliza umesoma wapi. Utasema nini, bandarini?"

Moyo wangu ulikuwa Uholanzi tangu mwanzo, lakini kulikuwa na kitu kinanirudisha nyuma, nacho ni wewe. Unakumbuka siku nilipokuambia nataka kusomea jinsi ya kumaliza foleni ya malori? Nilikuwa nimetoka ofisini, kwenye kazi yangu ya kutoa mizigo forodhani, nimechoka kuwaona madereva wakilala kwenye usukani. Ulikuwa unachambua maharage. Hukuinua kichwa. Ukasema, "Sasa hiyo foleni ikiisha, mimi nauzia nani?"

Tulicheka wote wawili, lakini nililala na swali hilo. Sare zangu, madaftari yangu, godoro la bweni, vyote vilitoka kwa mtu aliyesimama barabarani na njaa yake. Foleni ndiyo iliyonisomesha. Halafu mimi niende ng'ambo kujifunza namna ya kuiua? Ukaugua, ukatutoka, na swali likabaki kwangu.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nikaviandikia vyuo vyote viwili, nikauliza kama ulivyouliza: foleni ikiisha, anayewapikia walio kwenye foleni atakula nini? Okoth alishika kichwa. "Unauliza chuo kikuu mambo ya katogo?" Uingereza walijibu haraka na kwa adabu, wakanishukuru, wakanitumia picha za maktaba. Ni maktaba nzuri, Mama, sitakudanganya. Nimeitazama mara nyingi.

Uholanzi walinyamaza, nikajua nimejiaibisha. Kisha mwalimu mmoja wa kule, mama mtu mzima, akaomba tuonane kwa simu ya video. Nilikaa palepale kibandani kwa sababu mtandao unashika vizuri. Aliniambia wazi kwamba hajui. Amefundisha kufupisha foleni tangu ujana wake, na wanaoishi kwa foleni hawajawahi kuingia katika hesabu zake. Halafu akaanza yeye kuniuliza. Wanauza nini? Wanajuaje leo wapike kiasi gani? Malori yakipungua wanahamia wapi? Na hiyo katogo ni nini? Nikaigeuza simu aone sufuria, Adikini akampungia mwiko. Yule mama alikuwa anaandika kila kitu.

Sijawahi kutamani uwe hai kama dakika ile. Nimejiuliza sana wewe ungemuuliza nini. Nafikiri ungeanza na kama ana watoto, na kama wanakuja kumsalimia.

Jana niliwajibu: naenda Uholanzi. Okoth alinuna mchana kutwa, halafu leo asubuhi akaenda Busia sokoni akarudi na koti zito la mtumba linalonifika magotini. Akanilazimisha kulivaa kwenye jua.

Naogopa, Mama. Naogopa baridi, naogopa kula peke yangu, na zaidi naliogopa jibu lenyewe. Huenda barabara iliyo wazi na kibanda chako haviwezi kukaa pamoja, na mimi ndiye nitakayemwambia Adikini hivyo, uso kwa uso. Hata hivyo nataka kujua. Nikiwaza huko ninakokwenda, hamu inaizidi hofu, na naona haya kidogo kufurahi wakati kaburi lako bado ni udongo mbichi.

Kwaheri, Mama yangu. Ninakuahidi hivi: sitaweka sahihi kwenye mpango wowote wa kuimaliza foleni ile kabla sijajua akina mama wa kando ya barabara wataelekea wapi. Nikilipata jibu, nitakuja Merikit nikuambie wewe kwanza. Nikilikosa, nitarudi vilevile na shahada yangu, nifunge leso, nimsaidie Adikini kupika.

Mwanao,
Athieno